Siku Mama Mkwe Alipokwenda Kuiona Karakana ya Filamu

Mama mkwe alivuka na boti ya asubuhi kutoka Unguja kwa jambo moja tu: kuiona kwa macho yake kazi anayofanya mwanawe. Kwenye simu huambiwa "natengeneza vitu vya filamu, mama", na jibu hilo halimtoshi anapoulizwa na majirani zake Jambiani. Tulimpokea bandarini, mimi, mke wangu na watoto, tukapanda mwendokasi Kivukoni mpaka Shekilango, kisha bajaji kuingia Sinza.

Karakana ni nyumba ya kawaida yenye uwanja uliozungushiwa mabati. Ukifika mlangoni unapokewa na harufu ya gundi ya viatu. Shemeji alitoka na aproni yenye plasta iliyokauka, akampa mama yake shikamoo, akatukaribisha ndani. Mwanangu wa kiume akalirukia panga lenye kutu lililokuwa mezani, na mimi nikapiga kelele. Shemeji alilichukua taratibu, akajipiga nalo kichwani. Lilikuwa sponji ya godoro iliyochongwa kwa wembe, ikapakwa gundi na rangi ya fedha. Kutu yake ni mdalasini wa unga ulionyunyizwa juu ya rangi ikiwa bado mbichi. Mama mkwe alilinusa panga lile, akatikisa kichwa kwa furaha.

Damu nayo aliitambua mara moja. "Hii shira!" alisema, na ni shira kweli: sukari na maji yaliyochemshwa yakawa mazito, rangi nyekundu ya chakula, na kakao kidogo ili isiwe na wekundu wa peremende. Watoto walisimuliwa kwamba enzi za picha nyeusi na nyeupe hata rangi haikuhitajika. Mwaka 1960 mwongozaji wa filamu Alfred Hitchcock alitumia shira ya chokoleti kuwa damu kwenye filamu yake ya Psycho. Binti yangu, ambaye kwa muda mrefu hujifunika kanga kila jini linapotokea kwenye runinga, aliomba apakwe jeraha shavuni, na hakutaka kulifuta siku nzima.

Vioo vya kuvunja navyo zamani vilikuwa sukari iliyochemshwa na kumwagwa kwenye sahani bapa. Shemeji alivijaribu, lakini sukari hunyonya unyevu wa hewa, na kwa joto la Dar es Salaam kioo huanza kunata kabla kamera haijawashwa. Siku hizi anatumia rezini, aina ya plastiki ya kumimina, ambayo ni ghali.

Kilichotuchukua muda mrefu ni mkono. Shemeji alileta ndoo na unga mweupe uitwao alginati, ule ule ambao madaktari wa meno hutumia kuchukua umbo la meno. "Unatokana na mwani, mama," alisema.

Mama mkwe aliinama kuutazama. Amelima mwani tangu kilimo hicho kilipoanza pwani ya kwao mwaka 1989, akifuata maji ya bamvua na kufunga mbegu kwenye kamba zilizofungwa kwenye vigingi. "Huu si wetu," alisema. Alikuwa sahihi. Mwani wa Jambiani ni mwekundu, na kinachotolewa humo huingia kwenye dawa ya meno na aiskrimu. Alginati hutoka kwenye mwani wa kahawia wa bahari za baridi. Nilimwona shemeji akimsikiliza mama yake kama mwanafunzi.

Alikoroga unga kwa maji ya baridi, kwa sababu maji ya moto huufanya ugande upesi, akamwomba atumbukize mkono. Mama mkwe alisema bismillahi, akautumbukiza. Baada ya dakika chache uji ule ukawa kama jeli ngumu. Akachezesha vidole, akauchomoa mkono polepole, na ndani ukabaki uwazi wenye umbo lake. Plasta ikamiminwa humo papo hapo, maana alginati ikikaa hukauka na kusinyaa. Binti yangu aliuliza kwa nini plasta isipakwe mkononi moja kwa moja. Mjomba wake akamwambia aguse ndoo kwa nje: ilikuwa imepata joto. Plasta ikiganda hutoa joto la kutosha kuunguza ngozi.

Tulipokuwa tukisubiri nilitazama picha ukutani, za karakana ya Wellington, New Zealand, ambayo Richard Taylor na Tania Rodger waliianza mwaka 1987 kwenye chumba cha nyuma cha nyumba waliyopanga. Leo wanajulikana dunia nzima. Shemeji amefanya filamu nyingi, na katika nyingi ya hizo jina lake halimo kwenye orodha ya mwisho. Hilo linaniuma. Aliyebeba taa anatajwa, aliyepika pilau anatajwa, na aliyechonga kila panga hatajwi.

Kalibu ilipomenywa, mkono wa plasta ulitoka na kila mstari wa kiganja, mpaka sugu zilizoachwa na kamba. Shemeji akasema ataumwagia silikoni, aina ya mpira laini, kwani kuna filamu inahitaji mkono wa mzee.

"Mzee yupi?" mama mkwe akauliza. "Maiti?"

"La, mama. Bibi anayepokea barua."

"Basi utumie. Lakini mwishoni waandike jina langu. Na lako liwe juu ya langu, maana wewe ndiye fundi."

Shemeji akachukua kalamu, akaandika sharti hilo kwenye daftari la kazi, mbele yetu sote.