Border Terrier hunyonyolewa, hanyolewi

Mshike Border Terrier kifuani, nyuma ya mabega, kwa viganja viwili. Ukiweza kumzungushia vidole vikakutana, umbo lake ni sahihi. Hicho si kipimo cha urembo. Mbwa huyu alitokea kwenye vilima vya Cheviot, mpakani mwa Uingereza na Uskoti, na kazi yake ilikuwa kufuatana na wawindaji wenye farasi, kisha kuingia shimoni alimojificha mbweha na kumtimua. Kifua kipana kingemkwamisha humo, na miguu mifupi ingemwacha nyuma ya farasi. Dume ana kilo 6 hadi 7, jike hupungua kidogo. Kennel Club ya Uingereza, chama kinachosajili aina za mbwa, ilimtambua mwaka 1920.

Nyumbani ni mpole na hupenda watu. Ila akiona paka anakatiza, hasikii tena jina lake, kwa hiyo usimfungue kamba karibu na barabara. Anachimba pia: uzio ambao waya wake haukuzikwa ardhini, atapita chini yake. Na ni mvumilivu kupita kiasi. Teria huyu akinyamaza tu na kujitenga, mpeleke kwa daktari wa mifugo, usingoje alie.

Sasa manyoya, maana hapa ndipo wengi wanapomharibu. Yako tabaka mbili: la juu gumu linalozuia mvua, la chini laini linalohifadhi joto. Mashine hukata unyoya uliokufa na kuacha kipande chake ndani ya ngozi. Matokeo yake manyoya huwa laini kama pamba, rangi hufifia na maji hupenya. Mnyonyoe kwa mkono, takriban mara mbili kwa mwaka, manyoya yanapoanza kusimama na kuachana. Jaribu kwanza: vuta machache mgongoni. Yakitoka bila yeye kushtuka, yameiva. Yakigoma, subiri wiki mbili.

Usimwogeshe kabla, manyoya safi huteleza. Paka chaki vidoleni, nyoosha ngozi kwa mkono mmoja, na kwa mwingine shika manyoya machache karibu na ncha, uvute kufuata yanakolalia. Anzia shingoni ushuke mgongoni. Tumboni na sehemu za siri tumia mkasi, ngozi ya huko ni nyepesi mno. Akichoka, pumzikeni, mmalizie kesho.

Hunenepa upesi, mbavu zake uzihisi kwa vidole bila kubonyeza.

Jambo la mwisho ni mikakamao. Baadhi yao hukakamaa na kutetemeka huku macho yanakufuata, tofauti na kifafa, ambacho mara nyingi humpotezea mbwa fahamu. Mara nyingi chanzo ni gluteni, protini iliyomo kwenye ngano na nafaka za jamii yake, na chakula kisicho na ngano, shayiri wala rai huwasaidia wengi. Mrekodi kwa simu, kwa sababu mkifika kwa daktari atakuwa anatikisa mkia kana kwamba hakuna kilichotokea.