Chupa ya bibi na mlango wa Mizingani

Kila nikishuka boti Unguja kutoka Dar es Salaam, mizigo huchukuliwa na mdogo wangu, mimi nakwenda kwa miguu. Nataka kupita Mizingani, barabara ya ufukweni ya Mji Mkongwe, mbele ya Dispensari Kongwe. Wageni husimama pale kupiga picha roshani za mbao, zilizochongwa zikachambuka kama darizi ya kofia. Mimi macho yangu yako kwenye mlango wa chini.

Mlango ule bibi yangu, mzaa mama, aliuingia akiwa mtoto, chupa tupu mkononi. Dawa ya maji ulikuwa unaifuata na chupa yako mwenyewe. Alitoka Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, na dada yake, homa imempanda. Uchungu wa dawa aliusahau. Hadi uzeeni alisimulia baridi ya sakafu chini ya nyayo zake, benchi alilolalia kusubiri zamu, na vioo vya rangi vilivyoupaka mkono wake wekundu na kijani.

Aliyelianzisha jengo ni Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyewahi kushika forodha ya Sultani. Mwaka 1887, Malkia Victoria wa Uingereza alipotimiza miaka 50 ya utawala, Tharia aliweka jiwe la msingi la hospitali. Akafariki 1891, kuta hazijakamilika. Mjane wake, Janbai, ndiye aliyelimaliza mwaka 1894. Angeweza kuliacha gofu, nani angemlaumu? Kwa hiyo mimi nikilitaja, jina lake hulitanguliza.

Mwaka 1900 likanunuliwa na wakfu wa mfanyabiashara mwingine, Haji Nasser Nurmohamed. Chini ikawa dispensari yenye daktari wake, juu wakaishi wapangaji. Baada ya Mapinduzi ya 1964 likabaki bila wenyewe, na nyumba ya mawe na chokaa isipotunzwa, mvua haiionei huruma. Miaka ya 1990 taasisi ya utamaduni ya Aga Khan ililikarabati, na nashukuru kwa moyo wote, maana nyumba ngapi za Mji Mkongwe zimeshaanguka?

Lilipofunguliwa tena nilimpeleka bibi. Nikamwonesha roshani, nikamwonesha dari. Yeye akapapasa ukuta wa chini kwa kiganja, taratibu, mpaka kwenye kona.

"Benchi lilikuwa hapa," akasema. "Wamelipeleka wapi, mwanangu?"