Kurudi Dar: kazi kubwa imefanyika, zimebaki sentimita

Anayerudi Dar es Salaam baada ya miaka mingi London anakuta kitu ambacho hakikuwepo alipoondoka: mwendokasi. Tangu Mei 2016 mabasi yanapita katika njia yao kutoka Kimara hadi Kivukoni, na abiria anaingia kutoka jukwaani moja kwa moja bila kupanda ngazi. London, pamoja na utajiri wake wote, ni kama theluthi moja tu ya vituo vya treni za chini ya ardhi ambavyo mtu wa kiti mwendo anaweza kuvitumia bila kukutana na ngazi. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema sisi hatuna pa kuanzia katika kuwafungulia njia watu wa viti mwendo. Kilichobaki ni sentimita, na sentimita hizo zinawafungia watu ndani.

Chukua mwanya kati ya jukwaa na basi. Ukiwa chini ya sentimita tano, wengi wanavuka wenyewe. Ukizidi hapo, gurudumu dogo la mbele, ambalo kwenye viti vingi lina kipenyo cha sentimita 12 hadi 20, linatumbukia na aliyekaa anarushwa mbele. Dereva anayesimama mbali mara nyingi hafanyi ukorofi. Anaogopa kukwaruza ubavu wa basi kwenye zege. Ukingo wa jukwaa ukivishwa mpira mgumu, hofu hiyo inaisha. Curitiba, Brazil, mabasi yana bamba linalofunguka mlangoni na kulala juu ya jukwaa, abiria wanapita juu yake. Sisi tunaweza kuanza na bamba la aluminiamu lenye vipele, upana sentimita 80, urefu 60, linalowekwa na mhudumu. Likae jukwaani, jirani na mlango wenye nafasi ya kiti mwendo. Likifungiwa ofisini, mwenye ufunguo akienda kula ni sawa na kwamba halipo. Na kwa sasa, ukiwa na mtu wa kukushika, ingia kinyumenyume: magurudumu makubwa yatangulie, maana yanavuka mwanya ambao madogo yangezama.

Ndani ya basi, sheria ya Uingereza inadai nafasi ya sentimita 130 kwa 75, na mtu anakaa akitazama nyuma ya basi, mgongo ukiegemea ubao wenye sponji. Dereva akifunga breki ghafla, kiti kinasukumwa kwenye ubao badala ya kuruka. Lakini nafasi isiyolindwa hujaa watu waliosimama. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya huko iliamua, katika kesi ya Doug Paulley, mtumiaji wa kiti mwendo, kwamba dereva kuomba tu nafasi iachwe kisha kunyamaza hakutoshi. Kwetu, asubuhi basi likiwa limeshona, jambo hilo litahitaji mhudumu mwenye sauti, na kabla mlango haujafungwa.

Tukitoka kituoni ndipo penye shida hasa. Ukingo wa barabara wenye kimo cha sentimita 15 unahitaji mteremko wa sentimita 180, yaani uwiano wa 1 kwa 12. Mafundi wengi wanaweka sentimita 60 kwa sababu ndiyo nafasi iliyobaki. Hiyo ni 1 kwa 4, na kiti kinapinduka kuelekea nyuma. Njia ya waenda kwa miguu ikiwa nyembamba, usilazimishe mteremko kuikata: shusha njia yote pole pole kutoka pande zote mbili hadi ifikie usawa wa lami. Mwisho wa mteremko usiache kidato kinachozidi milimita sita. Lami ikiwekwa tabaka jipya miaka michache baadaye kidato kinarudi, kwa hiyo mkataba wa lami utaje na kingo. Upana wa mteremko usipungue mita 1.2, na upande wa pili wa barabara uwepo mteremko mwingine unaotazamana na huu. Nimeona upande mmoja umeshushwa vizuri na mwingine ni ukuta. Mtu anavuka, kisha anabaki kwenye magari.

Halafu maji. Mteremko ulio sawa na lami unakuwa bwawa wakati wa masika kama tundu la kupitishia maji limewekwa mbele yake. Tundu likae upande maji yanakotokea, yaishie kabla ya kufika. Wavu wake uwe na nafasi zisizozidi milimita 13, na vyuma vikatize mwelekeo wa safari. Vikilala sambamba na safari, gurudumu linaingia na kunasa. Mifuniko ya mitaro nayo: fundi anaacha kulabu za nondo za kuinulia zimechomoza juu ya zege. Kulabu moja inatosha kusimamisha kiti. Zilazwe ndani ya kishimo. Zege lenyewe lifagiliwe likiwa bichi ili liwe na mikwaruzo. Marumaru yapendeze ukutani, siyo hapa.

Kupima si lazima uwe mhandisi. Chukua ubao ulionyooka wa sentimita 120, ulaze kwenye mteremko, weka pimamaji juu, inua ncha ya chini mpaka povu likae katikati. Pima mwanya uliobaki chini ya ncha hiyo. Ukizidi sentimita 10, mteremko ni mkali mno.

Nguzo za kuzuia bodaboda zinanisikitisha zaidi ya yote. Pikipiki na kiti mwendo vinakaribiana upana, hivyo nguzo inayozuia pikipiki inamzuia na mtu. Acha mita 1.2 kati ya nguzo. Zitazuia magari, na bodaboda washughulikiwe na askari.

Lakini tusinakili vipimo vya Ulaya kama vilivyo. Kiti wanachopimia Uingereza kina upana wa sentimita 70 na urefu wa 120. Barabarani kwetu wengi wanatumia baiskeli ya magurudumu matatu ya kuzungusha kwa mikono, ambayo urefu wake unapita mita moja na nusu. Kwenye kipumziko cha mita 1.5, yaani sehemu bapa ya kupumzikia kwenye mteremko, inayotosha kugeuza kiti, baiskeli hiyo haigeuki. Wanaochora vituo wakae na watumiaji pamoja na mafundi waliosoma viti mwendo TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichopo Moshi, kabla zege halijamwagwa.

Daladala nitaisema kwa ufupi: Coaster yenye ngazi haiwezi kurekebishwa kwa maana. Konda asiinue kiti kwa kushika sehemu za kiti za kuwekea viwiko, zinachomoka. Ashike fremu, na aulize kwanza. Kutoza nauli ya kiti kama mzigo kukome.

Madaraja ya juu kwa waenda kwa miguu ni mtego wa fedha. Kupanda mita sita kwa 1 kwa 12 ni mita 72 za rampu, ukiongeza vipumziko saba vya mita 1.5 unafika 82 na nusu, kila upande. Jumla mita 165 ili kuvuka barabara ya mita 30, kwa nguvu za mikono, juani. Kivuko cha usawa wa barabara chenye taa na kisiwa cha katikati chenye upana wa mita mbili kinafaa zaidi, na hata mama mwenye mtoto mgongoni atakishukuru. Sheria Na. 9 ya mwaka 2010 ya watu wenye ulemavu ipo tayari. Kwa njia za mitaa mwenye dhamana ni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kwa barabara kuu ni TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Barua ya serikali ya mtaa yenye picha, kipimo na mahali halisi ina uzito kuliko malalamiko ya jumla. Ningeanza na njia zinazoelekea hospitali ya Muhimbili.