Kamanda Honor na korosho za jioni

Jamani, nimemaliza On Basilisk Station ya David Weber na usingizi umenipaa. Niliianza kwenye simu nikisubiri kivuko cha Msangamkuu, kikaondoka mimi nimeinamia ukurasa.

Kitabu ni cha 1993. Honor Harrington ni afisa wa jeshi la majini la ufalme wa Manticore, ila bahari yao ni anga na meli zao hupita kati ya nyota. Anakabidhiwa Fearless, meli ndogo kuukuu, tena imeng'olewa silaha zake nyingi ili kupisha silaha ya majaribio isiyofaa mpaka umkaribie adui kabisa. Kisha anatupwa Basilisk, kituo cha walioudhi wakubwa. Na huko anafanya nini? Anakagua mizigo ya meli za biashara! Kazi isiyo na sifa, na anaifanya kwa ukamilifu mpaka wenye magendo wanatapatapa. Hapo ndipo nilipompenda. Sisi tuliokulia karibu na bandari tunajua uzito wa mtu mmoja asiyepokea bahasha.

Jioni tukiwa uani tunabangua korosho, nikamsimulia binti wa dada yangu, yuko kidato cha tatu. Nilipofika pale kwamba Honor alisumbuliwa sana na hesabu chuoni, mkono wake ukasimama, korosho nusu imo kwenye ganda.

"Hesabu, mama mdogo? Na meli akapewa?"

"Akapewa."

Akajifuta mikono kwenye khanga, akaomba simu.