Mtoto mgongoni, mbu kwa shuka

Mimi kazi yangu ni mbu. Nikisema hivyo kwa harusi watu hucheka halafu wanauliza kama kweli mtu anaweza kusomea mbu mpaka aitwe daktari, eeh anaweza, na miaka ikawa mingi kuliko ile niliyomwambia mume wangu.

Nimezaliwa Nakuru kwenye baridi, malaria tulikuwa tunaisikia tu kwa wageni waliotoka upande wa ziwa. Sasa nikapata nafasi ya PhD, nikapangiwa Ahero, pale kwa mashamba ya mchele nje ya Kisumu, na nilikuwa na mtoto wa miezi saba ananyonya. Kidholuo nilijua salamu tu.

Kazi yenyewe iko hivi. Unafika kwa boma la mtu alfajiri kabla milango haijafunguliwa, unawaomba watoke, mnatoa sufuria, maji, unga, kila kitu cha kuliwa, mnatandika shuka nyeupe nyumba nzima mpaka chini ya kitanda, mnapuliza dawa ya pareto (pareto, ile ile ya kwetu upande wa Molo), mnafunga dakika kumi hivi, halafu mnaingia kuokota mbu walioanguka, mmoja mmoja kwa kibano. Hebu sasa wewe ndio mwenye nyumba, mgeni hata lugha yako hajui na anataka kuinama chini ya kitanda chako saa hiyo.

Tulifungiwa milango vibaya sana. Kulikuwa na uvumi ati tunachukua damu ya watu tunaenda kuuza, na mimi nikaharibu zaidi kwa kusema ukweli, kwamba ndiyo, damu iliyo tumboni mwa mbu tunaipima tujue ni ya mtu ama ya ng'ombe. Supavaiza anapiga simu, sampuli ziko wapi. Na maziwa nayo, ikifika saa nne koti limelowa mbele najifunika na fomu za ridhaa.

Mwenye alinitoa hapo ni dani mmoja (dani ni nyanya kwa Kidholuo), mjane, boma lake liko karibu na mfereji. Aliniangalia hilo koti akauliza, "Nyar Nakuru, binti wa Nakuru, mtoto wa hayo maziwa ako wapi?"

"Nimemwacha Kisumu, dani, na msichana."

"Na mtu ameacha wake akilia, ndio sisi tumfungulie nyumba?"

Sikuwa na jibu. Kesho yake nikapanda matatu ya kwanza na mtoto mgongoni na yule msichana kando yangu, na ruhusa sikuomba mtu kwa sababu nilijua nitaambiwa nini. Dawa ikipulizwa mtoto alikuwa mbali chini ya mwembe, hiyo sikucheza nayo. Kina mama wakampokezana, na baada ya wiki mbili watu walikuwa wanalalamika mbona kwao hatujafika. Mzee mmoja tu alikataa mpaka mwisho na sikumlaumu.

Dani ndiye pia alituambia tuache kuinama chini ya vitanda pekee, twende tuangalie zizi. Na kweli, huko kwa mchele mbu wengi ni arabiensis, aina moja ya mbu wa malaria, huyo anapenda ng'ombe pia na halali ndani kila mara, vitabu vimeandika hivyo na nilikuwa nimevisoma lakini akili ilikuwa kwa shuka.

Halafu tukachota viluwiluwi kwa mashamba, tukawalea maabara, wakishakuwa mbu unaweka 25 kwa tubu yenye karatasi iliyopakwa dawa kama ya neti, saa moja, kesho yake unahesabu waliokufa. Wakifa chini ya asilimia 90 jua hao ni sugu. Kando unaweka mbu wa kulinganisha, wa ukoo ulioitwa Kisumu, waliotolewa huku zamani na wanafugwa maabara mpaka Ulaya, hawajazoea dawa yoyote. Hao Kisumu wa maabara walikufa wote. Hawa wa Kisumu yenyewe, kila tubu nilikuta wengine wamesimama kwa ukuta mkia juu kama hakuna kitu.

Nikaenda kumwambia dani, dawa iliyo kwa neti haiwaui vizuri.

"Hiyo nilimwambia chifu kitambo," akasema, akanirudishia mtoto, mdomo umejaa uji ambao mimi sikuulizwa.