Deni la 2014 limefufuka

Jamani, wakusanya madeni wana kumbukumbu kushinda bibi zetu. Nipo Mwenge nasubiri daladala ya Tegeta, kaka mmoja kanipigia: eti nadaiwa mkopo wa biashara wa 2014, na "tuma hata elfu hamsini leo dada yangu, kuonyesha nia." Nisipotuma, wanakuja kubeba friji.

Friji haikunitisha. Sikuwahi kuiweka dhamana, na bila amri ya mahakama nani ataibeba? Kilichonishtua ni hiyo elfu hamsini. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inampa mdai miaka 6 kufungua kesi ya deni la mkataba. Lakini ukilipa kidogo, au ukiandika na kusaini kwamba deni unalitambua, muda unaweza kuanza kuhesabiwa upya. Kumbe nia yenyewe ndiyo mtego!

Nikamwambia: kaka, nitumie mkataba, taarifa ya marejesho, na barua ya aliyekutuma. Sauti ikabadilika, "dada yangu" ikaisha. Nikamwandikia meseji kwamba silitambui deni hilo mpaka nione vielelezo.

Mkataba sijauona mpaka leo. Badala yake wamemtumia shemeji yangu meseji kwamba nimekimbia deni. Shemeji! Wa Mbagala huko, hajawahi hata kuwa mdhamini wangu. Hapo ndipo waliponikera kweli. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo kwa ajili ya mambo hayohayo, na malalamiko nimeshayaandika, picha za meseji nimeambatanisha.