Kōmyō: nguvu za malkia zilikuwa afisini

Hapa Unguja ukitajwa mke wa mfalme mwenye sauti, wengi humkumbuka Bibi Azza bint Seif, mke mkubwa wa Sayyid Said, ambaye hakujaaliwa mtoto lakini neno lake kasri la Mtoni lilikuwa zito. Ukimsoma Kōmyō (701–760), mke wa mfalme Shōmu wa Japani, kwa jicho hilo hilo, utampoteza. Utamtafuta pembeni mwa sikio la mumewe, na yeye yupo kwenye madaftari.

Kwanza cheo. Baba yake, Fujiwara no Fuhito, alikuwa waziri mwenye nguvu, lakini ukoo wake haukuwa wa kifalme, na desturi ilimtaka kōgō, yaani mke mkuu, awe wa damu ya wafalme. Haikuwa desturi ya bure: kōgō aliyefiwa na mume aliweza kukalia kiti mwenyewe, kama alivyofanya Jitō, mjane wa mfalme Tenmu. Mwaka 727 Kōmyō alizaa mtoto wa kiume, akatangazwa mrithi angali mchanga, na mwaka uliofuata akafariki. Ukoo wa Fujiwara ukabaki mikono mitupu. Mwezi wa pili wa 729 Mwanamfalme Nagaya, mkuu wa mawaziri, alisingiziwa njama akalazimishwa kujiua. Mwezi wa nane Kōmyō akawa kōgō. Ili kuhalalisha jambo hilo, baraza lilifukua mfano wa kale wa Iwanohime, mke wa mfalme Nintoku.

Cheo kilikuja na afisi yake, yenye maofisa na mapato, na hapa ndipo penye uhondo. Mwaka 730 afisi hiyo ilianzisha Seyakuin, nyumba ya kugawa dawa kwa wagonjwa. Kila mwaka mitishamba ilinunuliwa mikoani kwa mapato ya afisi pamoja na yale ya nyumba ya marehemu Fuhito. Sadaka ile ilikuwa ya kweli, nami naamini hivyo. Lakini pia ilipeleka jina la malkia na la Fujiwara mikoani kila msimu wa ununuzi. Chini ya afisi hiyo walikuwapo pia wanakili wa vitabu vya dini, waliolipwa kwa idadi ya karatasi na kukatwa ujira wakikosea herufi. Nyaraka zao bado zimehifadhiwa Shōsōin, ghala la kale la hazina mjini Nara.

Ndui ya 737 iliwaua ndugu zake wanne wa kiume, wote vigogo wa serikali. Afisi haikuanguka. Mwaka uliofuata binti yake alitangazwa mrithi, na alipokalia kiti mwaka 749 kwa jina la Kōken, afisi ya mama ilipanuliwa ikaitwa Shibi Chūdai, chini ya mpwa wake Fujiwara no Nakamaro. Amri nzito zikawa zinapitia huko.

Waliopanga kumpindua Nakamaro mwaka 757 walilijua hilo vizuri: mpango wao ulikuwa kulizingira jumba la Kōmyō, ambaye sasa alikuwa mjane, na kutwaa muhuri wa mfalme na kengele za tarishi. Bila ya vitu viwili hivyo amri haitoki na farasi wa posta hatolewi.

Udhaifu wa utaratibu huu wa afisi ulikuwa kwamba Nakamaro hakuwa na ngao nyingine ila Kōmyō. Kōmyō alifariki 760. Mwaka 764 Kōken, ambaye alikuwa ameshaachia kiti, alituma watu kuuchukua muhuri na kengele kutoka kwa mfalme Junnin, aliyewekwa na Nakamaro. Watu wa Nakamaro walijaribu kuvinyang'anya, wakashindwa. Nakamaro alikimbilia mkoa wa Ōmi, na huko akauawa.